Pesa za Gernne

Kisangani hatubishani juu ya Kiingereza kwa kuwa tunakijua sana. Tunabishana kwa kuwa kila mtu amekipata kwa njia yake, na kila mtu anaapa kwamba njia yake ndiyo yenye lami. Yupo aliyekaa Kampala akiuza vitenge, akarudi kwa kupitia Bunia, mizigo mgongoni na Kiingereza mdomoni. Yupo aliyejifunza kwa filamu za Marekani, akikesha hadi umeme ukatike. Yupo aliyefundishwa na mhubiri, naye hawezi kuagiza chai bila kupaza sauti kama yuko mkutanoni. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wote watatu wamekuwa walimu.

Wawili kati yao, yule wa Kampala na yule wa filamu, waliungana kufungua darasa kule Mangobo. Walielewana juu ya ada, madawati na saa za masomo. Wakaja kukwama kwenye kibao. Wa Kampala alitaka "English Centre", wa filamu akataka "English Center". Mimi nilikuwa pale kwa mchoraji nikisubiri kibao cha saluni ya dada yangu, kwa hiyo nilishuhudia kikao chote: walimu wamesimama wakinyoosheana vidole, mchoraji kachuchumaa, brashi inadondosha rangi nyekundu kwenye kandambili yake.

Mwenye lawama hapo hakuwa wa Kampala wala wa filamu. Ni Mmarekani mmoja, Noah Webster, aliyetoa kamusi mwaka 1806 na nyingine kubwa zaidi mwaka 1828. Aliona Waingereza wanapoteza wino bure, akafyeka "u" kwenye "colour" na "honour", akageuza "centre" kuwa "center". Alitaka hata "tongue" iandikwe "tung" na "women" iwe "wimmen", lakini hapo Wamarekani wenyewe wakamwambia, mzee, pumzika.

Mchoraji alisikiliza weee, mwisho akainua kichwa. "Bamwalimu, uku iko herufi sita, kule iko herufi sita. Bei iko moja. Mumalize, rangi inakauka."

Hiyo haikuwa hekima ya Suleimani. Mchoraji hutoza kwa herufi. Ilipofika zamu ya saluni, nilitaka aandike "Color", maana dada alinipa pesa za kuhesabu. Mtu yuleyule asiyependelea upande aligeuka Mwingereza ghafla. "Hapana, yaya. Iyi neno inaandikwaka na u." Kwa hesabu zake, Webster ni adui wa wachoraji wote duniani.

Walimu nao, baada ya kushindwana, waliafikiana kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: kibao kiandikwe kwa Kifaransa. Leo kinasomeka "Cours d'anglais". Ni herufi 13, sawasawa na zile za "English Centre", ila safari hii kulikuwa na ritifaa, na mchoraji aliitoza.

Wapo wanaofaidika na mvurugano huu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipata kibarua cha ukalimani kwa wageni wawili, Mwingereza na Mmarekani, gari moja. Asubuhi Mwingereza akauliza iko wapi "shedyuli". Kijana hajafungua mdomo, Mmarekani naye akataka "skejuli". Kijana akachukua ratiba, akakimbia kuitolea kopi, akampa kila mmoja ya kwake na kudai pesa za karatasi mbili. Wote wawili walimsifu kwa kujipanga vizuri.

Ninachojiuliza ni hiki: katika mji huu, nani alishawahi kuwa na Kiingereza cha kumchekea mwenzake? Stanley, ambaye mji ulibandikwa jina lake likakaa hadi 1966, alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, akavuka bahari, akajitambulisha kama Mmarekani. Joseph Conrad, aliyepanda mto hadi hapa mwaka 1890, alikuwa Mpolandi. Aliandika Kiingereza cha kuwatoa Waingereza jasho, lakini akikisema, lafudhi nzito ya kwao ilimfuata hadi kaburini. Kisha ikaja filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, iliyopigwa kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu. Katika riwaya ya C. S. Forester, yule mwenye mashua ni Mwingereza wa uswahilini London. Humphrey Bogart hakuuweza ulimi wa huko. Wakafanyaje? Wakamgeuza mhusika kuwa Mkanada, kazi ikaendelea, na Bogart akapewa Oscar.

Niliwasimulia walimu kisa hiki nikidhani kitawapatanisha. Wa filamu akasema, unaona, Mmarekani ndiye aliyeshinda. Wa Kampala akajibu kwamba sehemu nyingine ya filamu hiyo ilipigwa Uganda.

Mzaha huo hufika mwisho pesa zinapoingia. Shangazi yangu anaitwa Jeanne. Mwanawe, aliyefika London si zamani, alikwenda kumtumia pesa, akalitaja jina la mama yake herufi kwa herufi, kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa. J ya Kifaransa ni "ji", na karani wa kule akisikia "ji" huandika G. A ni "a", na Mwingereza wa London akisikia "aa" huandika R, kwa sababu yeye R yake haina mkwaruzo kabisa. Shangazi alipofika dirishani, akatoa kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu.

"Mama, pesa zipo," binti wa dirishani alisema, "lakini ni za Gernne."

"Njo miye."

"Kadi inasema Jeanne."

"Njo miye pia."

Foleni nyuma yake ilicheka, binti hakucheka. Ilibidi mtoto arudi kwa karani kule London na jina limeandikwa kwenye karatasi, na pesa zikatoka kesho yake. Jioni nilikaa na shangazi nikamweleza habari za J na za R. Nikamwambia kwamba karani wa Chicago angekosea G peke yake, maana Mmarekani R yake huikunjia ulimi, hawezi kuidhania A.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, akazifunga noti kwenye pindo la kitenge.

"Basi mwambie mwenzako ahamie Chicago," akasema. "Kosa moja unaweza kumuomba yule binti. Mawili, ni mtu mwingine."