Sifa za Diski Inayopiga Hodi

Diski yangu kongwe inagonga. Ukiichomeka inakaa kimya kidogo, kama mzee anayetafuta miwani, kisha inaanza: ta, ta, ta. Inatulia. Ta, ta, ta. Mafundi wa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo wakiusikia mlio huo hukutazama kama daktari anayeuliza umekuja na ndugu gani. Mimi nimeishi nayo miaka tisa na nasema wanaionea. Diski haigongi, inapiga hodi. Na kwa kuwa imesemwa vibaya mno, leo naomba niisifu hadharani.

Kwanza kabisa ina adabu. Hizi diski mpya za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, hufa usingizini. Jana umehariri nayo video ya mteja, leo kompyuta inadai haijawahi kuiona. Hakuna dalili wala wosia. Yangu inatoa taarifa mapema, kama mpangaji muungwana anayetaka kuhama. Ndani yake sahani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinapaa juu yake kwa nanomita chache tu, wakati unywele wako una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Kitu kinachofanya kazi ya namna hiyo kwenye joto la Sinza, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa kipande cha kigae, kina haki ya kukohoa.

Waya wake nao una masharti. Ni ule mpana, bapa, na haushiki mpaka uuinamishe kidogo upande wa kushoto na kuuegemeza kwa kadi ya mwaliko iliyokunjwa mara nne. Mke wangu anajua kwamba diski ikiwa mezani, chai inanywewa barazani. Watoto wanapita kwa kunyata. Sijui kifaa kingine kilicholeta heshima kiasi hicho ndani ya nyumba.

Boksi lake liliandikwa TB 1, kompyuta ikasoma GB 931. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, na tofauti anaibeba mnunuzi. Wenzangu hulalamika. Mimi huona imetoa sadaka, tena haijafika hata fungu la kumi. Afadhali yake kuliko zile flashi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chipsi kuku, ambazo hupokea kila kitu kwa tabasamu na siku ya kurudisha hazina kitu.

Sasa tazama mzigo wenyewe. Harusi moja ya hapa mjini, kamera mbili, kuanzia saluni mpaka akina mama wanapotafuta viatu vyao chini ya meza, ni saa sita za kurekodi. Kwa picha za 4K zinazoandikwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, kila saa ya kamera moja ni GB 45. Zidisha, utapata GB 540. Diski imejaa zaidi ya nusu na bado hujagusa kicheni pati wala sendofu. Diski ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na uzito wa karibu tani moja, ikabeba herufi milioni 5. Isingetosha kigelegele kimoja cha shangazi.

Wataalamu wana kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Mimi ni mfuasi wake kwa namna yangu. Kwa kazi ndogo nina nakala tatu, zote ndani ya diski hiyohiyo, folda tofauti. Vifaa vya aina mbili ninavyo pia: diski, na boksi la viatu inamolala. Na nje ya nyumba imekwenda, maana niliwahi kuisahau kwenye bajaji siku mbili.

Wapo wanaonishauri niweke mawinguni. Tupige hesabu. GB 540, kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, ni siku 10 kamili, usiku na mchana, umeme usikatike na bando lisiishe. Studio kubwa hutumia mikanda ya sumaku ya LTO. Mkanda mmoja wa LTO-9 unabeba TB 18, lakini kwa bei ya mashine ya kuusomea unanunua bodaboda na chenji inabaki. Bodaboda angalau itakuingizia hela.

Na hao wakubwa wenyewe tuwatazame. Mwaka 1998 pale Pixar mtu alitoa amri moja kwenye kompyuta na filamu ya Toy Story 2 ikaanza kufutika, wahusika wakipotea mmoja mmoja. Walipokimbilia bekapu, wakakuta haifanyi kazi na hakuna aliyekuwa amegundua. Kilichowaokoa ni mtoto mchanga: mama yake, Galyn Susman, alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa ajili ya malezi, na kompyuta yake ilikuwa na nakala. Ikabebwa kwenye gari, imefungwa mablanketi kama mgonjwa. NASA nao walitafuta mikanda asili ya data ya picha za kutua mwezini 1969, na mwaka 2009 wakasema inaelekea ilifutwa ili itumike tena. Tunachotazama leo kimetoka kwenye nakala za matangazo ya televisheni. Hawana tofauti na mjomba wangu, aliyerekodi mechi ya Simba na Yanga juu ya kaseti ya harusi yake. Shangazi hajamsamehe.

Lakini sifa kubwa ya diski yangu ni kunilinda na wateja. Fundi seremala akishauza kabati, haulizwi baada ya miaka mitano kama bado anazo mbao zilizobaki. Mhariri wa video anaulizwa, tena kwa sauti ya mtu anayedai chake: "Si unayo? Nitumie tu." Hiyo "tu" ndiyo inayoniua. Kutunza hakukuwamo kwenye bei. Bei yenyewe ilishapunguzwa na kamati mara mbili. Mmoja alitaka shemeji yake aondolewe kwenye video nzima, mwaka wa pili baada ya harusi, na shemeji ndiye aliyemshika mkono bibi harusi kuingia ukumbini. Nikamjibu, "Diski imegoma, kaka." Akanipa pole. Hakuna jibu lenye heshima kama hilo.

Mwaka juzi nilimpa jibu hilohilo dada mmoja. Nilikuwa na kazi nyingi, sikutaka hata kuinama chini ya kitanda. Akanyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Sawa, kaka. Nilikuwa nataka sauti ya baba tu."

Nikakumbuka tangazo la msiba lililopita kwenye magrupu ya WhatsApp mwezi ule.

Nikatoa boksi. Nikachomeka. Ta, ta, ta. Faili la projekti likafunguka, na kila dirisha likawa jekundu, na yale maandishi meupe ya lugha nyingi yanayosema picha hazionekani. Kiswahili hakimo, ila ujumbe unaeleweka. Projekti ni kama kadi ya harusi: inakuelekeza ukumbi ulipo, pilau haimo. Nikaanza kufungua folda moja moja kwa mkono, C0031, C0032, nikimsikiliza MC anayechekesha watu waliokwisha kuzeeka. Kwenye C0047 nikamkuta mzee amesimama, maiki inakwaruza, anasema yeye hana mengi ya kusema. Akasema kwa dakika kumi na moja.

Ni kama GB 8. Diski iliyo nzima ingezikopi kwa dakika mbili. Yangu ilianza adhuhuri ikamaliza magharibi, na katikati ilisimama mara tatu, nami nikiwa nimeishika kwa viganja viwili bila kujua inasaidia nini. Kisha nikampigia yule dada kumwambia imefufuka. Hakuuliza imefufukaje. Alikuja mwenyewe na chupa ya asali.

Tangu Jumanne hodi zimeongezeka, sasa zinakuja tano tano. Kama niliwahi kukurekodia harusi kabla ya mwaka 2020, huenda folda yako imo humo. Njoo na diski yako tupu, isiwe flashi, na uje asubuhi kabla haijapata joto.