Kioo cha Nyuzi Thelathini

Bwana mmoja wa Tabata alijengewa nyumba yenye kidirisha cha pembetatu kando ya ngazi. Aliyechora ramani alikipenda mno. Wengine wote walikuja kukijutia.

Wakati wa kuagiza kioo, bwana alikumbuka hesabu za kidato cha pili: pembetatu ina vipimo sita, pande tatu na pembe tatu, lakini vitatu vinatosha kuikata nyingine iliyo sawa nayo kabisa. Kweli vinatosha, ila si vitatu vyovyote. Akampigia fundi: “Upande mmoja sentimita 100, wa pili 60, na pembe inayotazamana na huo wa 60 ni nyuzi 30.”

Kioo kilikuja kikiwa sahihi kwa kila kipimo kilichotajwa. Kilipowekwa, kikaacha mwanya ambao paka wa jirani angepita bila kuinamisha kichwa. Upande wa tatu wa kidirisha ulikuwa na sentimita 120 hivi. Wa kioo, 53. Ule upande wa 60, ulioshikwa juu tu, ni mguu wa mlevi: unaweza kukanyaga mbele au nyuma, na kote kuwili zile nyuzi 30 hazitikisiki. Angetaja pembe iliyo kati ya pande hizo mbili, mguu ungekosa pa kuyumbia. Pembe mbili na upande mmoja, mradi ijulikane ni upande upi, nazo zingefaa. Pembe tatu peke yake hazifai kitu: kipembetatu cha plastiki cha kwenye mkebe wa hesabu na kile kikubwa cha mbao cha mwalimu vina nyuzi 30, 60 na 90 vilevile.

“Bosi, nipe pande tatu tu,” fundi akasema. Alikuwa sahihi, na maseremala wa kenchi wangemuunga mkono.

Bwana akasoma tepu mbiombio: 100, 60, 200.

Simu ikawa kimya. Mia moja na sitini ni mia na sitini. Haziwezi kuufikia upande wa mia mbili. Euclid, mnamo mwaka 300 KK, alijisumbua kulithibitisha jambo hili, na mfafanuzi wake Proclus anasimulia kuwa wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus walimcheka: hata punda analijua, ndiyo maana huziendea nyasi moja kwa moja. Tabata hapakuwa na punda wa kuulizwa.

Safari hii zikatajwa 100, 60 na 120. Kioo kikaja na ukubwa wake kamili, lakini kimegeuka kushoto kulia. Kihesabu hakuna tatizo, kwa kuwa pembetatu iliyopinduliwa bado ni sawa na mwenzake. Bahati mbaya kioo chenyewe kilikuwa cha kuficha ndani, laini upande mmoja, kimekwaruzwa upande wa pili. Kukipindua ni kuuelekeza ule wa mikwaruzo barabarani, kwenye vumbi.

“Sasa bosi,” fundi akauliza, “siku ile ulipima ukiwa ndani au ukiwa nje?”