Shangazi Alipoumuka

Nyumba yetu ya Kasongo, Kongo, ina serikali tatu. Jikoni anatawala mke wangu, anayekaanga maandazi ya kuuza alfajiri. Barazani anatawala shangazi yangu wa Kabambare, kila anapokuja kututembelea. Na mambo yote ya maandishi yako chini ya mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye peke yake nyumbani anafundishwa Kiingereza. Mimi kazi yangu ni kulipa.

Kiangazi kilichopita shangazi alishuka kwenye pikipiki akiwa mwekundu kwa vumbi toka kilemba hadi kandambili, huku akikohoa mpaka kuku wakatawanyika. Mfukoni mwake mlikuwa na pakiti mbili za rangi ya fedha, ukubwa mmoja, zilizovuka mipaka kabla ya kufika sokoni Kabambare. Moja ilikuwa hamira, zawadi ya mke wangu. Nyingine ilikuwa dawa yake ya kikohozi. Muuzaji alimwonyesha ipi ni ipi, lakini kwenye makorongo ya njiani maelezo yale yalimtoka pamoja na pumzi.

"Mume wangu," akamwita mjukuu wake, "njoo unisomee."

Mpwa wangu akaja na daftari. Juma lile mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi tano, yanayoishia kwa o-u-g-h. Katika kamusi kuukuu alikuwa amepata manane: bough, cough, dough, hough, lough, rough, sough, tough. Maana alijua za mawili tu, yale aliyoyatamka mwalimu darasani: tough, "taf", yaani kigumu, na rough, "raf", yaani chenye kukwaruza. Akamulika pakiti kwa tochi ya simu, uso ukamchangamka. Moja iliandikwa cough, nyingine dough. Ukoo uleule! Yaliyobaki yalikuwa maandishi madogo kuliko chawa, hayo akayaacha.

"Bibi, hii inasomwa kaf. Na hii daf."

"Kaf ndiyo nini?"

Hapo Kifaransa cha shule kikaingia kusaidia. "Kaf ni café, Bibi. Kitu cha jikoni. Na daf ni dawa. Si unasikia mwenyewe?"

Hakuna aliyepinga. Nyumba yenye msomi mmoja haina wa kumsahihisha.

Shangazi akakorogewa "dawa" katika maji ya uvuguvugu na sukari. Hamira haiombi zaidi ya hapo: ni viumbe hai wasioonekana kwa macho, nao wakipata joto kidogo na utamu huamka, hula sukari na kutoa hewa. Povu likapanda hadi ukingo wa kikombe. "Muone ilivyo na nguvu," shangazi akasema, akapiga bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.

Jikoni nako mke wangu alimimina "café" ndani ya beseni la unga. Poda ilinukia tangawizi na mnanaa. Akadhani ndiyo mitindo mipya ya wapishi wa mjini, akakanda, akafunika, akaenda kulala.

Usiku ule nyumba ilisubiri mambo mawili: unga uumuke na shangazi apone. Aliyeumuka ni shangazi. Alianza kwa kucheua kidogo, kwa adabu. Kisha tumbo likajaa, likanguruma, akalegeza kanga na kuanza kuzunguka uani akiwataja wahenga wa ukoo mmoja mmoja. Jirani akauliza kwa juu ya ua kama tumenunua mbuzi. Kikohozi chenyewe kilikuwa palepale.

Alfajiri unga nao ulikuwa palepale. Maandazi yalitoka kwenye mafuta yakiwa magumu, taf kabisa, na yakipanda puani. Watoto wa shule waliyarudisha na kudai pesa yao. Mteja mmoja tu, aliyekuwa na mafua, alirudi kuongeza mawili.

Tukamwita mzee wa jirani aliyewahi kufanya biashara Kigoma. Akavaa miwani. "Hii ni kof, kikohozi. Hii ni do, unga uliokandwa. Na hili hapa kwenye daftari, bough, ni bau, tawi la mti."

"Lakini herufi ni zilezile!" mpwa wangu akalia.

Mzee akamweleza kwamba zamani Waingereza waliitamka ile gh kooni, karibu na kh ya kheri ambayo watoto wa madrasa hapa Kasongo wanaiweza vizuri. William Caxton akafungua mtambo wa kupiga chapa Westminster mwaka 1476, na vitabu vikaanza kuyagandisha maandishi wakati koo za watu zinaendelea kubadilika. Katika maneno mengine sauti ile ikafa, katika mengine ikageuka f. Katika lough, yaani ziwa kwa watu wa Ireland, kh ingali hai.

"Kumbe wanaandika sauti ya marehemu," shangazi akasema huku ameshika tumbo. Kisha akamkumbuka Livingstone, msafiri aliyezungumza Kiingereza, ambaye mwaka 1870 alikwama miezi mingi Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kwa sababu ya vidonda vya miguu. "Amelala kwetu muda wote ule, asituachie hata onyo?"

Mke wangu, aliyepoteza unga, mafuta na wateja, akageukia Kiswahili. Kamba, mamba, pamba, gamba, namba, hata Samba ya kwenye reli ya Kindu na Kongolo: herufi tano, mkia mmoja, sauti moja. Mtoto akisoma moja amezisoma zote. Mpwa wangu akafungua kinywa ataje na jamba, akalitazama tumbo la bibi yake, akanyamaza.

Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tunaambiwa bidhaa za majirani zitazidi kutufikia. Zije, karibuni. Lakini enyi wenye viwanda na maduka, wateja wenu kutoka Mombasa hadi Kasongo wanaelewana kwa Kiswahili: andikeni juu ya pakiti "hamira", andikeni "dawa ya kikohozi", kwa herufi kubwa. Na wewe msomaji, dawa ikitoa povu kikombeni kabla hujainywa, usiinywe. Ikande na unga.