Sifa za Mstari Ulionyooka

Hapana budi kuwapongeza watunzi wa maswali ya grafu, ambao kwa ukarimu mkubwa humpa mwanafunzi wa Kilwa treni itokayo stesheni A kwenda stesheni B kwa mwendo usiobadilika, katika pande za kusini ambako reli ya mradi wa karanga wa Waingereza ilifungwa mwaka 1962. Grafu ya umbali na muda, yaani mchoro unaoweka muda kwenye mhimili wa mlalo na umbali kwenye ule wa wima, hutaka utulivu, na treni isiyokuwapo ndiyo tulivu kuliko zote. Bahari ya Kilwa Kisiwani haikufaa, kwani hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, bila adabu, ikiupinda mstari; wala basi la Dar es Salaam halikufaa, ingawa Mei 2024, barabara ilipokatwa na mafuriko huko Somanga, lilichora mlalo mnyoofu kupita wowote uliomo kitabuni. Mvuvi atambuaye bamvua na maji mafu bila rula huhesabiwa kuwa hajui grafu, na kwa haki kabisa, maana hakuandika majina ya mihimili.