Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Makatazo Msituni

KUH: NGUZO ISIYO NA KIBAO NA MBWA ALIYEISOMA

Bwana/Bibi Mkuu,

Barua hii inaandikwa kwa niaba ya mkazi mmoja wa viunga vya Nairobi na mbwa wake, Simba, ambao Jumamosi moja walilipa kiingilio na kutembea katika msitu ulio chini ya ofisi yako. Jina la msitu limeachwa makusudi, ofisi isije ikadhani tatizo liko katika huo mmoja tu.

Kwanza, pongezi. Ubao wa langoni ni kazi safi. Usiwashe moto. Usikate miti. Usipige kelele. Usitupe taka. Mbwa afungwe kamba. Herufi zimenyooka, rangi imekolea, na mtu huusoma akiwa bado ndani ya gari. Malipo nayo hayana kasoro: ujumbe wa M-Pesa uliingia kabla karani hajamaliza kutaja kiasi. Ungetarajia kwamba ofisi inayokataza kwa mwandiko mzuri hivi, na kupokea kwa kasi hivi, imebakisha rangi kidogo ya kuonyeshea njia.

Haikubakisha.

Mshale wa kwanza uko hatua chache kutoka langoni, mahali ambapo njia ni moja tu na hakuna anayeweza kupotea hata akitaka. Baada ya hapo ni kimya hadi njia panda ya tatu, penye nguzo ya chuma iliyosimama wima na matundu mawili ya skrubu, kibao hakipo. Kutoka hapo zinakwenda njia nne: ya matrekta ya wavuna mbao, ya ng'ombe, ya kina mama waokota kuni, na moja ambayo huenda ndiyo iliyolipiwa. Simba aliinusa nguzo, akaizunguka, akainua mguu. Mpaka sasa huo ndio ujumbe pekee ulioachwa pale.

Ofisi itajibu kwamba kibao kiliibwa. Inawezekana sana. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa. Palipoibwa vyuma vya mnara wa umeme, kibao cha msituni kingesalimika vipi? Lakini hakuna mnunuzi wa vyuma anayeweka rangi kwenye mizani. Njia ya Appalachian nchini Marekani, ndefu kilomita 3,500 hivi, inaongozwa na mistari myeupe iliyopakwa mitini, upana sentimita 5, urefu 15. Ukiona miwili, mmoja juu ya mwingine, ujue mbele kuna kona. Wengi wa wanaoipaka hawalipwi, wanajitolea. Waswisi wenyewe walipiga kura mwaka 1979 njia za waenda kwa miguu zikaingia katika katiba yao. (Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki ya kujua uko wapi ndani ya mazingira hayo haikutajwa.)

Na isisemwe haya ni mambo ya ughaibuni. Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiutetea, una namba kwenye njia panda zake. Aliyepotea anataja namba kwa simu, anafuatwa. Mbwa nao wanaingia, almradi wana kamba.

Kuhusu kamba. Njia iliyochaguliwa, ile ya ng'ombe, ilikuwa imekatwa na msafara wa siafu. Simba alitumbukiza miguu yote minne, akaruka, akajinyonganyonga, shingo ikachomoka kwenye mkanda, akatokomea vichakani. Mwenyewe akabaki ameshika kamba barabara, kama ubao unavyoagiza, akafanya ambacho yeyote angefanya: akaita kwa sauti, "Simba! Simba!"

Kina mama watatu walitupa mizigo ya kuni wakatimua mbio. Na askari wa msitu, ambao tangu asubuhi hakuna aliyewaona, wakatokea wawili na bunduki kabla mwangwi haujaisha.

"Simba yuko wapi?"

"Hata mimi namtafuta."

Ilichukua muda kueleweka. Lililochukua muda zaidi ni swali la pili, njia ya kurudi langoni. Askari walitazamana. Mmoja akaeleza kwamba wao huja kwa pikipiki, kwa barabara ya upande wa pili, na huku hawapiti sana. Mwishowe Simba alijitokeza mwenyewe, akashusha pua chini, akawaongoza watu wazima watatu, wawili wao wakiwa watumishi wa ofisi yako, hadi langoni. Hapo, chini ya ubao mzuri, mwenye mbwa akaelezwa faini ya mbwa asiye na kamba.

Ombi ni debe la rangi, brashi, na namba katika kila njia panda. Ikiwa hilo ni zito, Simba yuko tayari kwa ajira ya mkataba. Cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa kimeambatishwa. Jibu litumwe kwa posta, maana barua pepe ya ofisi inarudi ikisema sanduku limejaa.