Waraka kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Masoko

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa adabu kutoka Manda. Kisiwa hiki unakifahamu vyema, maana kila usafiripo kwa ndege ni hapa upandapo na ni hapa ushukapo. Hatujasahau ihsani yako ya kutupungia mkono ukielekea kwenye boti.

Bila shaka unakumbuka siku ulipokuja kuomba kura ukatuahidi soko la wakulima. Ulitaja banda lenye paa na meza, boti ya kuvushia mazao, na maji. Ulisema kwa ufasaha ambao wazee wetu, waliosikia wasemaji wengi, wanausifu hadi leo. Katika yote uliyotuletea siku ile, ufasaha huo ndio uliobaki kwetu.

Hata hivyo ulituwekea jiwe la msingi, na kwa hilo tunakushukuru. Ila hapa kijijini Maweni, Mheshimiwa, watu hula kwa kuchonga mawe. Nyumba nyingi za Amu, yaani mji wa Lamu, zimejengwa kwa mawe ya kisiwa hiki. Mawe tunayo. Tulichokuomba ni paa.

Kuhusu maji, ofisi yako imetuarifu kwa upole, na zaidi ya mara moja, kwamba yamo katika mpango. Tunaamini. Visima vyetu vina chumvi, nasi huishi kwa jabia na madumu yanayovushwa kutoka Amu. Hata mji wa kale wa Takwa, hapa hapa Manda, ulihamwa katika karne ya 17, na wengi husema ni kwa sababu ya maji kuingia chumvi. Wenyewe wakahamia Shela. Hadi leo watu wa Shela hurudi mara mbili kwa mwaka kuomba mvua kwenye magofu yale. Nakusifu, Mheshimiwa, kwa heshima unayowapa wenye dua, hata ukawaachia kazi yote.

Boti nayo ina habari yake. Tuliambiwa itakuja kila Jumamosi asubuhi, saa ile ile. Mpangaji wako ni mtu wa nidhamu, na nidhamu ni jambo jema. Lakini bahari hii haina saa ya ukutani: kujaa kwa maji husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, na mkono wa bahari unaoingia Takwa haupitiki maji yakishakupwa. Jumamosi moja mkulima wa upande ule angepita bila taabu, na Jumamosi ifuatayo angekaa na magunia yake kwenye tope la mikoko. Nahodha yeyote wa Amu angelieleza hili bila malipo, lau angeulizwa. Lakini kwa kuwa boti yenyewe haijaja, saa yake haijamdhuru mtu.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye jambo linaloniuma. Kabichi na viazi vya bara hukesha ndani ya lori hadi gati la Mokowe, hushushwa, huvushwa kwa boti, na huwahi meza za soko lililo kando ya Ngome ya Amu. Kunde na muhogo wa Manda, vilivyo ng'ambo tu ya mkondo, havifiki, kwa sababu mwenye magunia mawili hawezi kukodi boti peke yake na akabaki na faida. Matikiti yetu huiva wakati mmoja, na yasiponunuliwa upesi huwa chakula cha mbuzi. Na wageni wanaoshuka uwanja wa ndege hupita mbele ya mashamba haya kwenda kwenye hoteli, zikiwemo zilizo hapa hapa Ras Kitau, wakapewe matunda yaliyosafiri zaidi yao. Banda moja karibu na gati lingewakutanisha wageni hao na akina mama wa Maweni. Wazo hili lilikuwa lako, nami nalirejesha kwako kwa heshima, likiwa halijatumika.

Katika huduma zote, moja imetufikia kwa ukamilifu: ushuru. Mtoza ushuru hajali kusi wala kaskazi. Gunia likigusa gati, risiti iko tayari.

Najua utakuwa na kishawishi cha kutuelekeza Nairobi. Nakuomba usijisumbue. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka kilimo na masoko mikononi mwa kaunti, na siku ile ya kura ulitusomea kifungu hicho wewe mwenyewe, kwa sauti nzuri.

Tunaomba, kabla ya mvua za masika, utuandikie kwa mkono wako: paa litaezekwa lini, boti itafuata maji ya siku gani, na jabia la soko litachimbwa wapi. Barua yako tutaisoma Maweni mbele ya watu wote. Usimtume mtu, Mheshimiwa, andika.