Hongera, Baba Mwanasayansi

Tangu Kenya ianze kutekeleza mtaala wa umilisi nchi nzima mwaka 2019, vipaji vingi vimegunduliwa, hasa vya wazazi. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi mradi wa sayansi, mtoto wa gredi ya nne anakoroma huku baba, mhasibu mwenye shahada mbili, akipaka rangi volkano ya magazeti na gundi. Asubuhi siki inamiminwa juu ya magadi, povu linafoka, mwalimu anapiga picha, na baba anapata alama nzuri. Sasa, mlima huo umejibu swali gani? Kila mtu alijua utafoka.

Maharagwe mawili kwenye pamba yenye maji, moja dirishani na jingine kabatini, hayapendezi pichani. Lakini mtoto akiyapima kwa rula kila siku, atakuta lile la gizani limerefuka kuliko mwenzake, limepauka na kulegea, kinyume kabisa na alivyobashiri. Hapo ana jambo la kuuliza. Wazazi watasema mtaala wenyewe unataka mzazi ashiriki, na mtoto wa miaka tisa asiachiwe kisu. Sawa, kisu ashike mzazi, na pesa za pamba atoe yeye. Ila tarakimu zilizopinda daftarini, pamoja na ile iliyofutwa kwa mate, ziachwe. Watasema pia walimu hutuza unadhifu. Kweli, na ndiyo maana mzazi anayetaka kushindana angepewa tu meza yake, nambari ya usajili na sare.